Studio ya Nyumbani (2): Chumba Kwanza, Maikrofoni Baadaye

Katika sehemu ya kwanza tuliangalia kompyuta na programu za kurekodia, kama vile Reaper, ambayo leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60 za Marekani. Leo tunafika mahali ambapo akiba za vijana wengi huzama: maikrofoni ya kondensa ya bei kubwa iliyosimamishwa katika chumba kitupu.

Vyumba vyetu vingi, Dar es Salaam au Mombasa, ni vya tofali za saruji zilizopigwa lipu, na chini vina vigae. Sauti ya mwimbaji huifikia maikrofoni moja kwa moja, kisha hugonga kuta na kuifikia tena na tena ikiwa imechelewa. Kondensa, inayohitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi, hunasa hata vitu hafifu. Itachukua mwangwi wote huo, pamoja na bodaboda inayopita nje. Mwangwi ukishaingia kwenye rekodi, ni vigumu mno kuutoa bila kuijeruhi sauti yenyewe.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye chumba.

Wengi hubandika trei za mayai. Nawaelewa, maana zinapatikana karibu bure, lakini kazi yake ni ndogo sana. Wimbi la sauti ya hezi 10,000 lina urefu wa sentimita 3.4; la hezi 100 lina mita 3.4. Karatasi ile nyembamba hugusa mawimbi mafupi tu, na mazito yanabaki yakizunguka. Matokeo yake ni sauti iliyofifia juu na kuvuma chini. Sponji nyembamba za rangi zina kasoro hiyohiyo, tena hizo unazilipia.

Nenda kwa seremala. Akutengenezee fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, uzijaze pamba ya mwamba, kisha uzifunike kwa kitambaa ambacho ukikipuliza pumzi inapita. Vaa glavu na barakoa unapoishika pamba hiyo. Fremu zisigusane na ukuta. Acha nafasi ya sentimita kadhaa. Hewa iliyobanana na ukuta haina pa kwenda, lakini ikiwa mbali kidogo husogea mbele na nyuma, ikasuguana na nyuzi za pamba, na nguvu ya sauti ikageuka joto. Nafasi hiyo ya bure inaongeza kazi ya fremu kwenye sauti nzito.

Kama fremu ni chache, anza na ukuta ulio nyuma ya mwimbaji, si ule ulio nyuma ya maikrofoni. Maikrofoni nyingi za kuimbia husikia zaidi upande wa mbele, na mbele yake ndipo mwimbaji alipo na ukuta wa mgongoni kwake. Hata godoro likiegemezwa hapo linasaidia.

Pamba haizuii kelele za nje. Hizo huzuiwa na uzito wa kuta na mlango, pamoja na kuziba nyufa, kazi yenye gharama kubwa. Anayeanza afadhali arekodi usiku mtaa ukitulia, na mvua ikipiga bati asubiri.

Baada ya hapo, nunua maikrofoni ya dainamiki, ambayo hainasi vitu hafifu kama kondensa. Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, huuzwa kwa takriban dola 100 Marekani; ukiiona kwa bei ya kutupa, shuku kwamba ni bandia. Wala dainamiki si ya kudharauliwa: kwenye albamu ya Thriller, mhandisi Bruce Swedien alimrekodi Michael Jackson kwa Shure SM7, ya aina hiyohiyo. Mwimbaji asogee hadi sentimita 15 hivi. Kila akiongeza umbali mara mbili, sauti yake ya moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 hivi, ilhali mwangwi wa chumba unabaki karibu vilevile.

Sehemu ya tatu itahusu hedifoni na spika. Kwa sasa, simama katikati ya chumba, piga kofi moja na ulirekodi kwa simu. Fremu zikishawekwa, rudia palepale, kisha linganisha.