Mbele ya Kulaumu Intaneti, Soma Namba ya Kosa

Bengi kati yetu tulisoma udongo, mahindi na magonjwa ya mimea, lakini leo kazi inatupatia mashini na kutuambia: «Wewe njo utalinda data.» Ni vile iko kwangu hapa Luano. Mi si mtu wa informatiki, niko na lisansi ya agronomia. Lakini seva yenye kubeba majina ya bakulima, mbegu na mbolea yenye balikopa, na vipimo vya mavuno, iko mu mikono yangu. Kwetu mvua inaanza kuelekea mwezi wa 11 na kuisha mwezi wa 4. Vipimo vya msimu vikipotea, hakuna namna ya kurudi kuvipima. Na daftari ya mikopo ikipotea, mkulima mwenye alisha kulipa anaweza kudaiwa tena.

Njo maana kopi ya akiba ni lazima. Shida ni siku ile programu ya kufanya kopi, kwa mfano mysqldump ya MySQL ao ya MariaDB, inakataa kuungana na seva. Batu banasema mara moja: «Ni intaneti!» Hapana. Kama seva iko mu nyumba moja na wewe, intaneti haihusiki. Ujumbe wa kosa uko na namba, na ile namba inakuonyesha ni fasi gani njia imekatika.

Namba 2002 ao 2003: hata mulango haujafunguliwa. Ku 2003, angalia namba ndogo yenye kufuata. 10061 ku Windows, ao 111 ku Linux, ni kusema ulifika ku anwani lakini mulango 3306 umefungwa: mara mingi programu ya seva haikuwaka kisha umeme kurudi, ao imepangwa isikilize paka mashini yake yenyewe. 10060 ao 110 ni kusema uliita, hakuna mwenye aliitika: kable imetoka, ruta imezimika, ao ruta ilipatia seva anwani mupya kisha kuwaka tena. Dawa ya hii ya mwisho ni kuipa seva anwani yenye haibadilikake. Na onduleri isibebe seva peke yake, ibebe na ruta. Ruta ikizimika, seva inabaki nzima lakini hakuna njia ya kuifikia.

Namba 1045: ulifika ku mulango, lakini mulinzi hakukutambua. MySQL inaangalia jina, neno la siri, na pia mashini kwenye unatokea. Kwa hiyo jina moja linaweza kukubaliwa ku seva yenyewe na kukataliwa ku mashini ya biro ya pili. Usikimbilie kutumia jina la mukubwa wa seva. Tengeneza jina la kazi ya kopi tu, lenye haki ya kusoma, bila haki ya kufuta. Kuanzia MySQL 8.0.21, mysqldump inaomba pia haki inaitwa PROCESS, ao uandike --no-tablespaces ku komande.

Namba 2013: mulianza kuzungumuza, kamba ikakatika katikati. Mara ingine ni wifi zaifu. Mara ingine unaandika ku kifunguo cha USB kizito, seva inangojea sekunde 60 zenye ilipangiwa, inachoka, inafunga. Hapa fanya kama mukulima mwenye kupukucha mahindi ku shamba mbele ya kubeba: fanya kopi ndani ya seva yenyewe, ikamate, ikandamize, kisha usafirishe faili moja ndogo.

Sasa tufike ku hatari kubwa, na haiko mu kosa lenyewe. Ukituma kopi ndani ya faili kwa alama >, ile faili inazaliwa mbele mysqldump ijaribu kuungana. Muungano ukikosa, faili inabaki, na uzito wake ni 0. Kama kila usiku unatumia jina lile lile, ile faili tupu imefunika kopi nzuri ya jana. Asubui unaona faili iko, jina ni lake, tarehe ni ya leo, moyo unatulia. Kumbe ni ganda bila punje.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Kila faili iwe na tarehe mu jina lake, isifunike ya jana.
2. Linganisha uzito wake na wa jana. Ikipungua sana, uliza.
3. Soma musitari wa mwisho. mysqldump ikimaliza vizuri, kwa kawaida inaandika pale kama kazi imekwisha, na saa. Kama ule musitari hauko, kopi ni nusu.
4. Kopi moja ilale mu nyumba ingine. Mwizi ao moto haichague.
5. Mara moja kwa mwezi, rudisha kopi ku mashini ingine, hesabu bakulima, linganisha na seva.

Mu agronomia hatusemi mbegu ni nzuri sababu mufuko umejaa. Tunaotesha kidogo, tunahesabu zenye zimechipuka. Kopi nayo ni vile. Yenye hujairudisha hata mara moja, ni mufuko tu.