Sherehe ya Mtandaoni, Chanzo cha Maji Kijijini

Ukishaitwa "wa chuo" kijijini kwenu, jiandae: kila jambo lenye neno mtandao ndani yake litaletwa kwako. Kikundi cha kutunza chanzo cha maji kule kwetu Maguu, wilayani Mbinga, kinatimiza miaka 10. Wanachama wametawanyika: wengine wako Songea na Mbeya kikazi, wengine wanafanya biashara Dar es Salaam, na sisi wengine tuko vyuoni. Nauli ya kwenda na kurudi si mchezo, hasa kama boom halijatoka. Ikaamuliwa sherehe ifanyike kwa njia ya mtandao, na maandalizi tukakabidhiwa vijana. Naeleza hapa tunavyoyapanga, maana najua wenzangu wengi mna vikundi kama hiki nyumbani.

Mimi nasoma ualimu, kwa hiyo nilianza na kile tunachofundishwa kwenye andalio la somo: kabla ya zana na hatua, andika lengo. Kwenye grupu letu la WhatsApp mawazo ya kwanza yalikuwa fulana, keki na msanii wa kutumbuiza. Si vibaya, ila hakuna hata moja linaloongeza ndoo ya maji. Mwisho tukakubaliana malengo matatu: wanachama wasikie hesabu za fedha, wajue hali ya chanzo ilivyo leo, na waamue kazi ya mwaka unaofuata.

Swali gumu lilikuwa jingine: sherehe ni ya nani? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Darasani huo ni mstari mmoja. Kijijini, mita hizo 60 ni bustani ya mtu bondeni, ile inayompa mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Wapo kina mama waliohamisha bustani zao ili chanzo kipumue, na hawakulipwa hata shilingi. Bibi mmoja wa kikundi, nilipompigia kumweleza mpango, alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Sasa mjukuu wangu, mtashangilia huko kwenye simu zenu. Sisi tuliopanda miti tutaonekana wapi?" Swali lake ndilo lililopanga ratiba yote.

Hatua ya kwanza ni tarehe. Kikundi kilianzishwa Machi, na Wiki ya Maji nchini kwetu huwa Machi 16 hadi 22, ikiishia Siku ya Maji Duniani ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu 1993. Kwa hiyo Machi ilionekana imekaa vizuri. Lakini kwa Wamatengo Machi ni mwezi wa ngoro. Kwa asiyezijua: mkulima hufyeka majani, huyalaza katika miraba juu ya mteremko, kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Panabaki shimo katikati na matuta pande zote nne, na maharage hupandwa kwenye matuta. Mvua ikinyesha, maji hayashuki kwa kasi na udongo; hukaa shimoni yakazama taratibu, na majani yakioza yanakuwa mbolea. Wazee wetu wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100 kwenye miteremko mikali. Sasa umwite mtu aache ngoro zake, ambazo ndizo hifadhi yenyewe ya maji, aje atazame video kuhusu hifadhi ya maji? Haiji.

Tumesogeza sherehe hadi Jumapili moja ya Oktoba, mchana, baada ya misa. Msimu wa kahawa unakuwa umeisha, wanachuo wengi bado tuko likizo ndefu, na mvua hazijaanza. Zaidi ya hapo, Oktoba ni mwisho wa kiangazi. Chanzo kikiwa na maji Oktoba, kweli tuna cha kusherehekea.

Hatua ya pili ni mahali na zana. Mkutano wa mtandaoni haumaanishi kila mtu awe na simu janja. Tutakuwa na kumbi mbili. Ya kwanza ni darasa la shule ya msingi kijijini: kompyuta moja, projekta, spika na jenereta la kuazima. Ya pili ni sisi wa mbali, kila mmoja na simu yake. Saa moja ya mkutano wa video inaweza kumaliza GB 1 au zaidi, wakati sauti peke yake hutumia sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa hiyo sisi wa mbali tutazima kamera, na darasa la kijijini ndilo litakalowasha. Video za chanzo zimerekodiwa mapema, masika na kiangazi, mahali palepale, na zitafika kijijini kwenye flashi, kwa mkono wa mtu anayesafiri. Mtandao ukikata, zitaonyeshwa bila shida. Jaribio litafanyika siku moja kabla, saa ileile.

Hatua ya tatu ni ratiba, dakika 90 tu. Watakaofungua ni wale waliohamisha bustani, kwa Kimatengo wakipenda, na kijana mmoja atatafsiri. Kisha mweka hazina atasoma mapato, matumizi na salio. Michango yote inakwenda kwenye akaunti ya kikundi, si kwenye namba ya simu ya mtu, hata awe mwaminifu kiasi gani.

Halafu inakuja hali ya chanzo, na hapa huhitaji mtaalamu. Kinga ndoo ya lita 20 kwenye bomba la chanzo, uhesabu sekunde hadi ijae. Ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde, yaani lita 1,800 kwa saa. Rudia mara tatu, chukua wastani, andika daftarini. Fanya hivyo kila Oktoba na utajua kama miti uliyopanda inasaidia au mlingoti wa jirani unaimaliza.

Wageni wa heshima watapewa dakika 5 kila mmoja. Tumewaalika RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa kwa sheria ya 2019, kwa sababu bomba linalofika kijijini huanzia kwenye chanzo. Tutawaalika pia watu wa bonde. Milima yetu hugawa maji: mengine hushuka Ziwa Nyasa, mengine huingia Mto Ruvuma na kwenda hadi Bahari ya Hindi. Anayeharibu chanzo juu huku anawagusa watu asiowajua.

Hatua ya nne, tathmini, ndiyo bado tunabishania. Sisi wa mbali tumeokoa nauli. Nimependekeza nusu ya fedha hiyo iwanunulie mbegu na miche ya matunda wale kina mama waliohama bondeni, na nusu nyingine iende kwenye miche ya mivengi na chakula cha siku ya kazi, Jumamosi inayofuata. Wapo wanaosema hiyo ya kwanza ni sadaka na itazua maneno. Mimi nasema ni deni la miaka 10. Litapigiwa kura siku hiyohiyo, na darasa la kijijini litapiga kura kwanza.