Askari wa Gereza Naye Hufungwa

Neno "gereza", mpenzi msomaji, wataalamu wa lugha hulinasibisha na neno la Kireno, igreja, yaani kanisa. Hata Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Nalo jina "mfungwa" limetokana na kauli ya kutendwa: ni yule aliyefungwa. Lakini anayeshinda ndani ya kuta hizo hizo akiwa na funguo kiunoni twamwita askari tu, tukidhani kuwa yu huru.

La hasha! Askari husikia matusi na vilio vile vile, na hukaa na hofu ya kushambuliwa, au ya mtu kutoroka katika zamu yake. Mfungwa wa miaka mitatu huhesabu siku akatoka. Askari huhesabu miaka hadi astaafu. Hasira isiyopata njia huishia kwenye rungu, ama humfuata nyumbani ikawaangukia jamaa zake.

Bara Hindi walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1975 mafunzo ya taamuli iitwayo Vipassana yalifanywa katika jela ya Jaipur chini ya mwalimu S. N. Goenka. Kiran Bedi alipokabidhiwa jela ya Tihar, Delhi, mwaka 1993, aliyaleta huko pia, na baadhi ya maofisa wakaketi kujifunza. Kwa siku 10 mwanafunzi hunyamaza kimya, akichunguza pumzi zake na hisia za mwili wake. Aprili 1994 wafungwa zaidi ya 1,000 walishiriki kwa pamoja.

Siri yake si uganga. Mtu akitishwa, moyo humwenda mbio na misuli hukaza. Akishusha pumzi polepole, mapigo hupungua na akili hupata nafasi ya kuamua. Kati ya tusi na rungu, nafasi hiyo ndogo yaweza kuokoa maisha.

Yamkini wako watakaosema kuwa yoga ni dini ya wenyewe. Asili yake haifichiki: katika Kisanskriti neno hilo lina shina moja na lile la kufunga nira. Kwa hivyo asilazimishwe mtu. Asiyetaka jina hilo na afunzwe kupumua kwa utulivu, kwani pumzi haina dhehebu.

Hoja nzito zaidi ni nyingine. Aprili 2008 askari wa magereza nchini mwetu waligoma wakidai marupurupu na makao bora. Taamuli haiezeki nyumba wala hailipi karo, na serikali itakayoitumia kuwanyamazisha wanaodai haki yao itakuwa imewafunga mara ya pili.

Almuradi, yote mawili yatakikana. Walipwe vyema, wapewe makao ya heshima. Na pale chuoni Ruiru, wanakofunzwa gwaride na kutumia silaha, wafunzwe pia kuitawala hasira. Miongoni mwa wanafunzi wanaosoma safu hii wamo askari wa kesho, na wafungwa watakaowalinda ni ndugu zetu.