Uhuru kutoka dhambi

Uhuru kutoka dhambi (pia: ushindi juu ya dhambi, au kuishi bila dhambi) ni fundisho la Ukristo linalosema kwamba mtu aliyeunganishwa na Yesu Kristo kwa imani na ubatizo halazimiki tena kuitumikia dhambi, bali kwa neema ya Mungu anaweza kuishi maisha mapya. Karibu madhehebu yote ya Kikristo yanakubaliana juu ya hilo. Yanatofautiana kuhusu kiasi cha uhuru huo: je, mtu anaweza kufikia hatua ya kutotenda dhambi kabisa akiwa bado duniani, au mapambano yanaendelea hadi kifo?

Swali hilo si la wanateolojia tu. Katika mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania, limegusa mambo ya kila siku: nani abatizwe, nani azuiwe kupokea meza ya Bwana, mwizi wa ng'ombe afanye nini baada ya kutubu, na mume wa wake wengi awatendee vipi wake zake akitaka kuwa Mkristo.

Msingi katika Biblia

Katika Injili ya Yohane, sura ya 8, Yesu anamfananisha mtenda dhambi na mtumwa, halafu anajitambulisha kama Mwana mwenye uwezo wa kumweka huru kweli. Mtume Paulo anaendeleza mfano huo katika Waraka kwa Warumi, sura ya 6: anayebatizwa anashiriki kifo na ufufuko wa Kristo, hivyo dhambi haina tena haki ya kumtawala. Paulo haelezi uhuru kama ruhusa ya kufanya lolote, bali kama kubadilisha bwana: aliyeitumikia dhambi sasa anaitumikia haki.

Hata hivyo sura inayofuata ya waraka huohuo inamchora mtu anayetaka mema lakini anajikuta anatenda mabaya. Wafafanuzi hawajakubaliana kama Paulo anasema habari za Mkristo au za mtu kabla ya kuamini.

Ugumu wa namna hiyo umo pia katika Waraka wa kwanza wa Yohane. Sura ya 1 inasema anayedai hana dhambi anajidanganya. Sura ya 3 inasema aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Wafafanuzi wengi wanapatanisha kauli hizo kwa kuangalia vitenzi vya Kigiriki: sura ya 3 inakataa mazoea ya kudumu katika dhambi, si kila anguko la mara moja. Wengine wanaona Yohane anaeleza lengo ambalo muumini anapaswa kulikaribia siku hadi siku.

Maendeleo ya fundisho

Mwanzoni mwa karne ya 5, mmonaki Pelagio alifundisha kwamba binadamu, kwa hiari yake, anaweza kushika amri zote za Mungu. Agostino wa Hippo (354-430) alimpinga, akisisitiza kwamba bila neema utashi wa binadamu ni mgonjwa na hauwezi kujiponya. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 ulikataa mafundisho ya Pelagio.

Kanisa Katoliki, katika Mtaguso wa Trento (mwaka 1547), lilifundisha kwamba aliyehesabiwa haki anaweza kushika amri kwa msaada wa neema, lakini hawezi kuepa dhambi nyepesi zote maisha yake yote, isipokuwa kwa fadhili ya pekee, kama Kanisa linavyosadiki kuhusu Bikira Maria. Anayeanguka katika dhambi ya mauti anarudishiwa neema kwa sakramenti ya Kitubio.

Martin Luther alikuwa amefundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mdhambi kwa wakati mmoja: mwenye haki kwa sababu ya Kristo, mdhambi akijitazama mwenyewe. Kinyume chake, John Wesley (1703-1791), mwanzilishi wa Wamethodisti, alifundisha juu ya ukamilifu wa Kikristo, yaani hali ambayo upendo kwa Mungu na kwa jirani unatawala moyo wote. Wesley hakumaanisha kwamba mtu huyo hawezi kukosea kwa kutojua au hawezi kuanguka tena.

Kutoka kwa wafuasi wa Wesley lilitokea vuguvugu la utakatifu, lililochangia baadaye kuzaliwa kwa Upentekoste. Nchini Uingereza, mikutano ya Keswick iliyoanza mwaka 1875 ilifundisha njia ya kati: dhambi haing'oki moyoni, lakini muumini anayejitoa kwa Kristo anaweza kuishinda. Mafundisho hayo ndiyo yaliyowalea wamisionari kadhaa wa Kianglikana walioshiriki katika Uamsho wa Afrika Mashariki.

Uamsho wafika Mara

Uamsho huo ulianza miaka ya 1930 kati ya Wakristo wa Rwanda na Uganda, hasa Gahini, ambapo walihudumu daktari Mwingereza Joe Church na Blasio Kigozi. Simeoni Nsibambi, ndugu wa Kigozi, alikuwa mhubiri maarufu Kampala. Walioguswa nao waliitwa walokole, yaani waliookoka.

Wamenonite kutoka Marekani walikuwa wameanza kazi Shirati mwaka 1934, halafu katika vituo vingine, vikiwemo Bukiroba na Mugango, karibu na Musoma. Wao wanatokana na Waanabaptisti wa karne ya 16, ambao kwao imani ilipaswa kuonekana katika mwenendo, na jumuiya ilikuwa na wajibu wa kumwonya ndugu aliyeanguka. Mapokeo hayo yalikuwa na nguvu yake, lakini pia hatari: mtu aliweza kushika kanuni zote zinazoonekana, kuanzia mavazi hadi mahudhurio ya ibada, huku moyoni akibaki na chuki au kiburi.

Mwaka 1942 uamsho ulifika Shirati. Watu waliungama dhambi zao mbele ya wenzao, na wamisionari hawakubaki watazamaji: baadhi yao walikiri kwamba walijiona bora kuliko Waafrika waliokuja kuwahubiria. Pia mipaka kati ya Waluo na makabila ya Kibantu, iliyokuwa na uzito ndani ya kanisa changa, ililegea katika vikundi vya ushirika. Mmoja wa walioguswa alikuwa Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania.

Fundisho la ndugu wa uamsho kuhusu dhambi lilikuwa la pekee kwa kiasi fulani. Wao walishuhudia ushindi juu ya dhambi, lakini hawakusema kwamba aliyeokoka hana tena la kutubu. Kinyume chake, dalili ya kuokoka ilikuwa wepesi wa kutubu. Walikuita kutembea nuruni: dhambi ikitokea haifichwi, inatajwa mara moja, inaoshwa kwa damu ya Yesu, na safari inaendelea. Aliyedai ameshapita hatua hiyo alitazamwa kwa wasiwasi.

Kutubu na kurudisha

Sifa nyingine ya uamsho ilikuwa kurudisha kilichochukuliwa. Katika mkoa ambapo mifugo ni mali, mahari na heshima, na ambapo wizi wa ng'ombe umezaa visasi kati ya koo, jambo hilo lina uzito. Mtu hawezi kuungama wizi huku ng'ombe wakibaki zizini mwake.

Katika hilo Wakatoliki wanasema vilevile, ingawa kwa njia tofauti. Katika Kitubio maungamo yanafanywa kwa siri mbele ya padri, si mbele ya mkutano, lakini majuto ya kweli yanadai nia ya kufidia hasara aliyopata jirani. Kwa pande zote mbili, uhuru kutoka dhambi ni pamoja na kujitenga na faida zake.

Suala la mitala

Penye ugumu zaidi ni pale ambapo kuacha kinachohesabiwa dhambi kunamwumiza asiye na hatia. Makanisa mengi yalimtaka mume wa wake wengi abaki na mmoja kabla ya kubatizwa. Mume alipata ubatizo. Mke aliyeachwa aliweza kupoteza shamba, ulinzi na hadhi yake, na watoto wakabaki katikati.

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 (kanuni 1148) inamruhusu anayebatizwa, akiona vigumu kubaki na mke wa kwanza, kumchagua mmoja kati ya wake zake, lakini inamtaka askofu ahakikishe kwamba mahitaji ya wale wanaoachwa yanatimizwa. Waanglikana, katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1988, walikubali kwamba mume huyo anaweza kubatizwa bila kulazimishwa kuwafukuza wake zake, kwa sharti asioe tena na jumuiya ya mahali ikubali. Nyuma ya maamuzi hayo kuna swali moja: je, mtu anawekwa huru kutoka dhambi kwa tendo ambalo linamdhulumu mwingine?

Julius Nyerere na mchakato wa Musoma

Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania, alizaliwa Butiama mwaka 1922 katika nyumba ya namna hiyo. Baba yake, chifu Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22. Mama yake, Mgaya, alikuwa mmojawapo. Nyerere alisoma Mwisenge, mjini Musoma, akabatizwa katika Kanisa Katoliki mwaka 1943, mwaka mmoja baada ya kifo cha baba yake. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 akazikwa Butiama.

Mwaka 2005 jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo anaitwa Mtumishi wa Mungu. (Bunda ilimegwa kuwa jimbo la pekee mwaka 2010.) Wanaomuunga mkono wanataja uaminifu wake katika ibada, maisha yake ya kadiri na kukataa kwake kujitajirisha kwa madaraka. Wanaotia shaka wanakumbusha sheria ya mwaka 1962 iliyoruhusu watu kuwekwa kizuizini bila kesi, na wananchi waliohamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970.

Mjadala huo mara nyingi unachanganya mambo mawili. Kanisa Katoliki halichunguzi kama mtu hakuwahi kutenda dhambi, kwa kuwa kadiri ya Trento hakuna anayetarajiwa kufikia hapo bila fadhili ya pekee. Linachunguza kama alitekeleza maadili ya Kikristo, kama vile imani, upendo na haki, kwa kiwango cha kishujaa. Kwa hiyo makosa hayafungi mchakato yenyewe tu, lakini pia hayapaswi kufichwa: ushahidi dhidi ya mhusika unatakiwa kukusanywa sawa na ule wa kumtetea.

Tofauti zinazobaki

Kati ya Wapentekoste wa leo wapo wanaotumia neno kuokoka kwa maana ya badiliko la siku moja linaloweza kutajwa tarehe yake, na kati yao wapo wanaofundisha kwamba aliyeokoka kweli hatendi dhambi. Wakristo wengine wanajibu kwamba fundisho hilo linaweza kuzaa unafiki, kwa kuwa anayeanguka analazimika kuficha au kukata tamaa. Wanaolitetea wanajibu kwamba kusisitiza udhaifu kupita kiasi kunamzoesha mtu kutenda dhambi na kuungama bila kubadilika.

Kila upande unaonya juu ya hatari iliyo ya kweli. Waraka wa kwanza wa Yohane unazikabili zote mbili kwa pamoja: mwandishi anasema ameandika ili wasomaji wasitende dhambi, halafu mara moja anawaeleza wa kumkimbilia wakitenda.