Kuzuia Vifurushi vya Linux Visirudi Matoleo ya Nyuma

Kwa wapenzi wa Kiswahili, Linux si jambo geni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Hata hivyo, istilahi za utunzaji wa mfumo huo zingali zinatatiza. Neno ‘kushusha’, kwa mfano, hutumiwa kwa maana ya kupakua faili kutoka kwenye intaneti, ilhali laweza pia kumaanisha kuondoa toleo jipya la programu na kuweka kongwe mahali pake. Makala haya yanashughulikia maana hiyo ya pili, ambayo hapa itaitwa ‘kurudisha toleo nyuma’.

Tatizo hili huzuka hasa pale ambapo intaneti ni ghali. Chukulia mwanafunzi wa uzamili mjini Bungoma anayeandika tasnifu kwa kompyuta yenye Debian. Ili kuokoa gharama ya data, analetewa diski mweko kwa matatu kutoka Kitale kupitia Webuye, ikiwa na programu anayoihitaji pamoja na vifurushi inavyovitegemea. Vifurushi hivyo vilipakuliwa miezi kadhaa iliyopita, na kompyuta ya Bungoma imekwisha kupata marekebisho ya usalama yaliyotolewa baadaye. Akivisakinisha vyote kwa amri ‘dpkg -i *.deb’, baadhi ya maktaba za mfumo zitarudi nyuma. Marekebisho ya usalama yatapotea, na programu zinazohitaji matoleo mapya, pengine hata ile ya kuandikia tasnifu, zaweza kukataa kufunguka.

Kiini cha tatizo ni kwamba zana mbili za Debian hazina tabia moja. Dpkg, ambayo husakinisha faili inayokabidhiwa, hutoa onyo tu kisha ikaendelea na kazi. Isitoshe, haikagui utegemezi wa vifurushi inaporudisha toleo nyuma. Apt, kwa upande wake, hulipa kila toleo kipaumbele: kwa kawaida 100 kwa lililosakinishwa na 500 kwa lililo ghalani. Ikiachiwa ichague yenyewe, hairudi nyuma isipokuwa kipaumbele cha toleo kongwe kimefikishwa 1000 au zaidi.

Kinga zake ni nne. Kwanza, anayetumia dpkg aandike ‘dpkg -G -i’. Herufi G huiamuru ikatae toleo lililo kongwe kuliko lililomo. Pili, ni bora faili za diski zisakinishwe kwa ‘apt install ./*.deb’, kwani apt huorodhesha vifurushi vitakavyorudi nyuma kabla ya kuomba idhini. Ikiongezwa ‘-s’, amri hiyo huonyesha matokeo bila kubadilisha chochote. Tatu, amri ‘apt-cache policy’ ikifuatwa na jina la kifurushi huonyesha vipaumbele vyake. Kinachozidi kiasi kitafutwe katika ‘/etc/apt/preferences’ au saraka ya ‘preferences.d’ iliyo kando yake. Nne, ‘apt-mark hold’ huizuia apt kukibadilisha kifurushi. Kinga hii itumiwe kwa muda tu, kwa kuwa huzuia pia marekebisho ya usalama. Huondolewa kwa ‘apt-mark unhold’.

Aidha, nakala ya tasnifu ihifadhiwe nje ya kompyuta kabla ya usakinishaji wowote. Debian haiungi mkono rasmi kurudisha matoleo nyuma, na kifurushi kilichokwisha kuharibika hakirekebishiki kwa urahisi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi.