Ukihamia Kinangop, Ijue Baridi Yake

Bwana Mkulima, ikiwa umepata shamba Kinangop nawe watoka nchi ya joto, usidhani mlima utafuata desturi za kwenu. Walowezi wa kwanza wa mpango wa eka milioni moja, ulioanza 1962, walijifunza hayo kwa kutetemeka.

Nchi hii ni ya juu, mahali pengi hupita mita 2,400. Huko maji huchemka yakifika nyuzi 92 hivi, si 100. Ndiyo sababu githeri hukawia jikoni. Mama watoto asilaumiwe! Loweka mahindi na maharagwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe.

Hatari kubwa ni kulala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, nayo huua jamaa nzima usingizini. Kwa hiyo toa jiko nje kabla ya kulala, hata kama umebaki moto kidogo tu. Blanketi la pili ni rahisi kuliko jeneza.

Shambani, jihadhari na sakitu. Usiku usio na mawingu, hewa baridi huteremka na kutulia bondeni, na asubuhi utakuta majani ya viazi yamekuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Basi viazi vipande kwenye mteremko, bonde waachie kondoo. Kabeji hustahimili zaidi. Na kabla hujalima, muulize jirani aliyekaa huko miaka mingi ni sehemu gani ya shamba lako hupata sakitu kwanza.