Kipusa cha Mweiga na Neno la Beijing

Mtu wa pwani akifika Mweiga hujifunza kwanza kuiheshimu sweta. Mji wenyewe ni mdogo, uko kwenye njia itokayo Nyeri kwenda Nyahururu. Upande mmoja umeegemea milima ya Nyandarua, na upande wa pili, mawingu yakiridhia, waonekana Mlima Kenya na theluji yake. Nilikwenda huko kumzuru mjomba wangu, mzaliwa wa Amu, ambaye ameendesha magari ya watalii miaka mingi hata joto la kwao limemtoka mwilini.

Baada ya swala ya alasiri tulikaa nje, akanimiminia chai kutoka katika chupa ya Kichina, ile ya maua mekundu ambayo nyumba isiyokuwa nayo ni chache. Nikamtania kwamba wazee wetu Amu walipanga sahani za Uchina zidakani, naye ameangukia chupa ya chai. Akacheka, kisha akasema: “Mwanangu, mimi Mchina simjui kwa chupa. Namjua kwa kipusa.”

Ukiipita Mweiga kidogo ndipo ulipo uwanda wa Solio, ambako vifaru walianza kuhifadhiwa nyuma ya ua mwaka 1970. Wakati huo Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Haikupita miaka ishirini wakawa hawatimii 400. Vipusa vilikwenda njia mbili: Yemen, vikachongwa mipini ya majambia, na Mashariki ya mbali, vikasagwa dawa. (Hapo watu wa pwani tusijitie hamnazo, jambia twalijua, na mpini wake twaujua.) Wengi wa vifaru waliotiwa tena katika mbuga nyingine za Kenya asili yao ni Solio.

Uchina iliipiga marufuku biashara ya vipusa mwaka 1993. Ghafla, tarehe 29 Oktoba 2018, serikali yake ikatangaza kwamba pembe za vifaru wafugwao zingeweza kutumika kwa dawa. Mjomba asema siku zile vijana wa Mweiga wenye kulinda wanyama hawakuwa na mazungumzo mengine. Neno limesemwa Beijing, na wao ndio watakaoshika bunduki usiku kwenye baridi! Dunia ikapiga kelele, na tarehe 12 Novemba, wiki mbili tu baadaye, Wachina wakasema amri ile imeahirishwa.

Nguvu hiyo ya neno imetoka wapi? Si ya juzi. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga, na watu wa barazani kwake wakamwona ni mnyama wa heri asiyetokea ila zama za mfalme mwema. Amiri wa merikebu zao, Zheng He, alitoka katika ukoo wa Kiislamu wa Yunnan, na wageni wa Kichina wajapo kwetu leo hawachoki kutukumbusha. Nasi hufurahi, maana ni nani asiyependa kuambiwa kwamba babu yake alikuwa na rafiki mkubwa?

Lakini kiti walichonacho leo walikipata kwa mikono iliyoinuliwa. Tarehe 25 Oktoba 1971, nchi 76 za Umoja wa Mataifa zilikubali serikali ya Peking ishike nafasi ya Uchina. Kenya ilikuwamo, na balozi wa Tanzania, Salim Ahmed Salim, mtoto wa Zanzibar, alikuwa mstari wa mbele kuitetea. Uchina haikusahau. Mwaka 1981 Salim alipoutaka ukatibu mkuu wa Umoja huo, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na Uchina nayo ikamzuia Kurt Waldheim tena na tena, hata wote wawili wakajitoa na cheo kikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Na mwezi Machi 2023 ikawa Beijing ndiko walikopatanishwa Wasaudi na Wairani, waliokuwa wamevunja uhusiano tangu 2016. Hapo nami nilisema alhamdulillahi, kama walivyosema wengi.

Mjomba alisikiliza yote, kisha akauliza: “Na wale Waislamu wa kwao?”

Swali hilo ndilo lililonikwama kooni. Mwezi Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti juu ya Wauighur wa Xinjiang, ikisema kwamba waliyotendewa huenda yakawa jinai dhidi ya ubinadamu. Uchina ilikana, ikasema yapambana na ugaidi. Tarehe 6 Oktoba, katika Baraza la Haki za Binadamu kule Geneva, ililetwa hoja si ya kulaumu wala kuadhibu, bali ya kujadili tu. Ikaanguka, kura 19 kwa 17. Pakistan, Indonesia, Qatar, Falme za Kiarabu, Sudan, zote zilikataa. Malaysia haikusema ndiyo wala la. Somalia, pamoja na shida zake zote, iliinua mkono kutaka mjadala.

Nikamweleza mjomba hivyo. Akainama kitambo. “Kwa kipusa,” akasema, “wiki mbili zilitosha.”

“Wiki mbili, mjomba.”

“Na Kenya ilisemaje?”

“Mwaka ule haikuwa na kiti katika Baraza lile.”

“Basi ilisalimika,” akasema, na sikuweza kujua kama alikuwa akishukuru au akisuta. Akakaza kifuniko cha chupa, akachukua vikombe, tukaingia ndani. Baridi ya Mweiga haingoji magharibi.